Kabla hujampa mama anayekimbia kipigo ile simu yako ya zamani, ikague kwanza

Mwaka jana kwenye droo yangu kulikuwa na simu tano. Tecno mbili, katochi (simu ndogo ya vitufe) ya Itel, Samsung iliyopasuka kioo, na nyingine hata sikumbuki ilitoka wapi. Najua na kwako ziko, usijifanye. Sasa kuna mama mmoja tulikuwa tunajuana sokoni hapa Busia, upande wa Uganda, akatoka kwake usiku na watoto wawili na nguo za mwilini tu, simu yake mume alishaipigiza ukutani kitambo, mi nikachomoa Tecno moja iliyokuwa bado nzima, nikatoa laini yangu, nikampa na chaja juu, nikaenda kulala najiona mtu wa maana kweli.

Siku ya tatu niko kibandani kwangu pa mobaili mani, wateja hakuna, nafungua picha kwenye simu yangu nakuta picha ambazo mi sijazipiga. Mtoto amekaa kwenye godoro chini. Beseni la kijani. Dirisha la wavu, na nje ya dirisha kibao cha shule, jina linasomeka kabisa. Nikabaki naangalia kama mjinga, alafu ikanijia: akaunti yangu ya Google sikuitoa! Kila alichopiga kilikuwa kinaingia kwangu, na nikibonyeza kuona ni wapi, ramani inanipeleka mpaka mtaa aliojificha. Kwangu sawa, mi simtafuti. Lakini ingekuwa ni simu ya shemeji yake je, au ile ambayo mume mwenyewe ndiye aliyeifungua siku ya kwanza kununua?

Nikamtafuta kupitia dada yake, akaileta, tukaisafisha wote wawili. Nikamwomba msamaha, akacheka, akasema "dada, kumbe ulikuwa unatuona tukila posho kavu."

Kwa hiyo nisikilizeni. Kutoa laini si kusafisha simu. Ingia kwenye setingi, toa akaunti zote kwa mkono wako, toa memori kadi (watu wengi wanaisahau huko ndani na picha za harusi), ndio ufute kila kitu irudi kama ilivyotoka kiwandani. Fuata mpangilio huo huo, maana ukifuta kabla hujatoa akaunti, simu nyingi za siku hizi zinaweza kumwomba paswedi ya mwenye simu wa zamani na yule mama akabaki ameshika tofali. iPhone nayo ondoa akaunti yako ya iCloud na uzime ile ya kutafuta simu iliyopotea. Kama hujui, fundi yeyote anajua, lakini kaa hapo hapo akiifanya.

Betri ikiwa imevimba usimpe mtu. Hiyo inaweza kuwaka. Na simu uliyouziwa njiani kwa bei ya ajabu, bila risiti, hiyo pia baki nayo, tunajua zinakotoka, siku polisi wakiifuatilia kwa namba yake ya IMEI watamkuta nayo yeye, na ana shida zake za kumtosha.

Halafu laini. Hii ndiyo inanikera zaidi kwa sababu naiona kila siku kazini. Tangu 2017 sisi raia laini zetu lazima zifungwe na namba ya kitambulisho cha taifa, na wanawake kibao wanatumia laini iliyoandikwa kwa jina la mume. Mume akienda na kitambulisho chake akasema laini imepotea, anapewa nyingine, ya mama inazimika, na meseji na hela za mobaili mani zote zinaangukia kwake. Kwa hiyo simu safi na laini ile ile ya zamani ni kazi bure. Usimpe na yako pia, nayo imefungwa na jina lako. Msaidie afike akasajili ya kwake, na kama ndaga muntu, yaani kitambulisho chake cha taifa, ilibaki kwa mume hilo ndilo la kuanza nalo hata kabla ya simu.

Watu wananiuliza bora katochi au smati. Inategemea. Kwa aliye bado ndani ya ile nyumba, katochi. Chaji inakaa siku kadhaa, inafichika kwenye unga, na 116 ya Sauti, ile namba ya kuomba msaada, anaipiga bure bila eyataimu. Lakini muulize kwanza, "ukiwa nayo utaiweka wapi?" Akikosa jibu, usimlazimishe, simu ya siri ikionekana anaweza kupigwa kwa ajili yake, heri ikae kwako awe anapitia kupiga. Aliyeshatoka, smati inamfaa zaidi, anapiga picha alama za kipigo kabla hazijapotea na anatunza voisi za kutishiwa. Sheria yetu ya ukatili wa majumbani ya 2010 haihesabu ngumi peke yake, imo mpaka kumbana mtu kwa pesa na kumtesa roho, na hayo bila ushahidi ni kazi kuyaeleza.

Kama humjui mtu wa kumpa, waulize wanaoshughulika na mambo haya, FIDA, wale mawakili wanawake, au MIFUMI, shirika la kutetea wanawake walioanzia huku kwetu Tororo, au dawati la watoto na familia polisi. Piga kwanza uulize kama wanahitaji simu, na usiulize wanawake wanalala wapi, hawatakwambia na wako sawa. Marekani kulikuwa na mpango wa kampuni ya simu ya Verizon wa kukusanya simu kuukuu, na hata huko nyingi hazikuwa zinafika mkononi mwa mama, zilitengenezwa zikauzwa, hela ndiyo ikaenda kusaidia. Kwa hiyo wakikwambia "uza utuletee nauli za boda", usinune.

Droo yangu saa hii imebaki na ile Samsung na ile isiyo na jina, ambayo inatumia chaja ya pini nyembamba. Mwenye nayo hapa Busia aniambie, niko kibandani mpaka saa mbili usiku.