Fundi Anajibu: Nimenyanyua Gari, Propela ya Mbele Inatetema

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover Defender 110 ya dizeli, nabeba wageni kwenda Natron na Tarangire. Nililinyanyua inchi mbili kwa springi ndefu na shokapu mpya. Baada ya hapo stelingi ikawa nyepesi na gari likawa linayumba kwenye lami, ndipo fundi akaniwekea bushi za kurekebisha mkao wa ekseli ya mbele. Stelingi ikatulia. Tangu siku hiyo nikifika spidi 70 sakafu inatetema, na nikishuka korongoni gurudumu likaning'inia nasikia ko-ko-ko chini ya miguu. Nimebadilisha krosi (viungo vinavyopinda) zote mbili za propela ya mbele, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele, wapi! Sasa naambiwa ninunue propela nzima yenye jointi mbili upande mmoja. Ni kweli, au nitapoteza hela? – Msomaji, Usa River

JIBU: Marahaba kijana wangu. Unachoambiwa kina ukweli, ila usitoe hela kabla ya kupima. Huenda propela yako ni nzima kabisa, kinachokusumbua ni pembe yake.

Uliponyanyua gari, chesisi na giaboksi vilipanda, difu ikabaki pale pale, kwa hiyo propela imelala kwa mteremko mkali zaidi. Ya nyuma ni ndefu, haiumii sana. Ya mbele ni fupi. Piga hesabu: propela ya sm 65 ukiinua ncha moja sm 5 unaongeza nyuzi 4 na zaidi, ya sm 110 unaongeza nyuzi 2 na nusu tu.

Sasa krosi iliyopinda haizungushi sawasawa. Ndani ya mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kusita mara mbili, kama mtu anayechechemea. Ikipinda nyuzi 10, tofauti ya mwendo ni kama asilimia 1.5 juu na chini. Ikipinda nyuzi 20, inafika asilimia 6. Umeona? Pinda limekuwa mara mbili, fujo imekuwa mara nne. Krosi ya ncha ya pili kazi yake ni kusawazisha fujo ya ile ya kwanza, na kadiri mapinda yanavyozidi kuwa makubwa na kutofautiana ndivyo inavyoshindwa.

Bushi nazo zimefanya lao. Ile mikono miwili inayoshika ekseli ya mbele, gari likipanda inainama, na ekseli inajiviringisha mbele. Pua ya difu, pale propela inapofungwa, inatazama juu, na ule mlalo wa kingipini (mhimili ambao gurudumu hugeukia) unaorudisha stelingi katikati unapungua. Defender kama yako ilitoka kiwandani na nyuzi 3 tu za mlalo huo, ndiyo maana ukaanza kuyumba. Bushi zimeirudisha ekseli nyuma: stelingi imepona, lakini pua ya difu imeinama tena, na krosi ya upande wa difu imepinda kuliko ilivyokuwa. Fundi wako hakukosea. Alitibu stelingi, ugonjwa ukahamia kwenye propela.

Anza na jaribio lisilo na gharama. Gari lako linavuta magurudumu yote manne wakati wote, hivyo fungua propela ya mbele uiweke pembeni, weka difu loki (inayofunga difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma), kisha endesha alfajiri kwenye barabara ya mchepuo hadi hiyo 70 yako. Bila difu loki gari halitasogea, nguvu yote itaishia upande usio na propela. Mtetemo ukiisha, tatizo ni la mbele. Ukibaki, kagua propela ya nyuma na balansi ya matairi kwanza. Usibebe wageni katika hali hiyo.

Kabla hujaingia chini, nisikilize vizuri. Handibreki ya Defender kama yako haishiki magurudumu, inashika shafti ya nyuma inapotokea kwenye transfa, ile giaboksi ndogo inayopeleka nguvu mbele na nyuma. Ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, handibreki haishiki kitu na gari linaweza kukushukia. Weka mawe au vigingi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, na stendi chini ya chesisi. Bolti za propela zinataka spana ya 9/16 ya inchi: ya milimita 14 haiingii, ya 15 inacheza na kula kona. Tafuta yenyewe. Na kabla ya kufungua, piga alama kwa patasi kwenye flenji (sahani za bolti kwenye ncha za propela) na pale kipande kimoja cha propela kinapoingia ndani ya kingine, ili irudi ilivyokuwa.

Ukiwa chini, acha magurudumu ya mbele yaning'inie, futa grisi kwenye masikio ya krosi, umulike kwa tochi. Ukiona kovu jipya linalong'aa, chuma kimelambana na chuma, hiyo ndiyo ko-ko-ko yako. Pima urefu kutoka flenji hadi flenji gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kisha magurudumu ya mbele yakiwa yananing'inia. Propela mpya iagizwe kwa vipimo hivyo viwili, si kwa kupima ile ya zamani.

Kama ni kugonga tu, propela ya kawaida yenye masikio yaliyochongwa ili ipinde zaidi ingetosha. Wewe una mtetemo pia, kwa hiyo ndiyo, jointi mbili upande wa transfa. Lakini hiyo hufanya kazi vizuri pua ya difu ikiitazama propela, na bushi zako zimeiinamisha. Dawa kamili ni kurudisha bushi za kawaida, ufunge propela ya jointi mbili, kisha mlalo wa kingipini uupate kwenye swiveli (yale matufe ya ncha za ekseli yanayoshika kingipini) zenye matundu ya bolti yaliyosogezwa. Hiyo ni kazi ya mkerezaji mwenye mashine, si ya drili ya mkono.

Ukinunua ya jointi mbili, dai yenye nipo ya grisi kwenye kile kitufe kilicho katikati ya jointi hizo mbili. Ile ya Land Rover Discovery 2 iliyotoka kiwandani haina. Vumbi likiingia inakauka, na ikikatika safarini inapiga giaboksi. Kwa vumbi la Engaruka nisingeithubutu.

Ungekuwa mwanangu ningekwambia ushuke hadi inchi moja. Springi hazijainua difu yako hata nywele moja kutoka kwenye jiwe. Kinachoinua difu ni tairi.

SWALI: Fundi, nina Land Cruiser mkonga, 79, nimelinyanyua pia. Mbona mimi mtetemo unakuja nikifunga fowili tu? – Msomaji, Moshi

JIBU: Kwa sababu ukiwa umefungua loki za magurudumu ya mbele, propela ya mbele imesimama. Ugonjwa unaweza kuwa ule ule wa mwenzako, ila wako unalala. Ukitaka kuupima, pima kwenye barabara ya vumbi. Gari lako halina difu ya katikati, na fowili kwenye lami kavu inakaza mfumo mzima, utasikia kelele nyingine ambazo hazihusiani na propela.