Mashine inang'oa, gugumaji linarudi: fukusi walikwenda wapi?

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Homa Bay. Serikali huleta mashine ya kung'oa gugumaji, lakini baada ya wiki chache ufuo unaziba tena. Wazee wanasema zamani waliletwa wadudu wakalimaliza. Walikwenda wapi? Na kwa nini isimwagwe dawa tu?

JIBU: Ndugu yangu, wazee wanasema kweli. Wadudu hao ni aina mbili za fukusi kutoka Amerika Kusini, ambako gugumaji lenyewe ndiko asili yake. Uganda iliwaachia ziwani mwishoni mwa 1995, Kenya na Tanzania mwaka 1997. Wa kwetu walifugwa Kibos, karibu na Kisumu. Mwaka 1998 gugumaji lilikuwa limefunika karibu hekta 20,000 za Ziwa Viktoria. Kufikia 2000 sehemu kubwa ilikuwa imezama. Mvua na mawimbi ya El Niño vilichangia, ila kwa maoni yangu kazi kubwa ilifanywa na fukusi: mzazi hula jani, kiluwiluwi hutoboa shina hadi kwenye kiini, mmea ukajaa maji na kuoza.

Shida ni kwamba fukusi hawa hawana chakula kingine. Kiluwiluwi anapogeuka bundo, kabla hajawa mzazi, hujishikiza kwenye mizizi, hivyo gugu likizama huzama nao. Mbegu, kwa upande wake, hukaa kwenye tope hata miaka 20. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilipopandisha maji, mbegu ziliota, na mwaka 2007 Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa upande wetu wa Kenya, ilikuwa imefunikwa tena huku fukusi wakiwa wachache. Walistahili kufugwa na kuachiwa upya kila mara, si mara moja tu.

Mashine ina nafasi yake: gati, njia ya mitumbwi, mdomo wa bomba la maji ya mji. Ghuba nzima itaishinda. Gugumaji huongezeka maradufu kwa wiki moja au mbili, na zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo dizeli nyingi inateketea kwa kubeba maji.

Dawa siiungi mkono hata kidogo. Watu wanakunywa ziwa hili. Gugu likifa lote kwa mkupuo, kuoza kwake humaliza hewa majini na samaki hufa. Tena kumbuka mwaka 1999, Ulaya ilipokataa samaki wetu kwa hofu ya sumu.

Na gugu linalishwa: mbolea inayoteremka na mito Nyando na Sondu-Miriu, pamoja na majitaka ya miji. Hapo ndipo bajeti ingeelekezwa kwanza.

Kabla mashine haijaja tena, kagueni majani pamoja na wenzako wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo. Mkiona makovu madogo ya mviringo, rangi ya kahawia, fukusi wapo. Ombeni kipande hicho kisichokingama njia kiachwe, kisha mhamishie mimea yake michache kwenye magugu yasiyo na makovu.