Maswali ya Wasomaji: Mhadhiri wa Mawasiliano Yasiyotumia Waya Atapatikanaje Huku Kwetu?

Mwezi huu nimezitenga barua tatu, moja ya Tabora na mbili za Kigoma, kwa sababu waandishi wake hawajuani lakini wanaulizia jambo moja kutoka pande tatu: anayetafuta mhadhiri, anayetaka kuwa mhadhiri, na mlezi ambaye kijana wake anamalizia kusomea kazi hiyo mbali na nyumbani.

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mjumbe wa kamati inayoandaa shahada mpya ya uhandisi wa mawasiliano katika chuo kimoja hapa Tabora mjini. Tumetangaza mara mbili nafasi ya mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu katika mawasiliano yasiyotumia waya. Mara ya kwanza hakujitokeza mwenye sifa. Mara ya pili tulimpata mmoja, akakaa miezi tisa, akaaga. Wenzangu wanasema dawa ni kuongeza mshahara, na fedha hiyo hatuna. Nimeambatanisha tangazo letu. Tufanye nini? (Mjumbe, Ipuli, Tabora)

JIBU: Ndugu mjumbe, nimelisoma tangazo lenu mara tatu. Lina aya nzima ya vyeti, umri, na idadi ya machapisho mnayoyataka, lakini halina hata sentensi moja inayomweleza mwombaji atakuja kufanya nini Tabora. Mtu aliyetumia miaka minne au mitano ya ujana wake akilichimba swali moja la kisayansi hawezi kuvutwa na orodha ya vyeti ambavyo tayari anavyo. Anachokitafuta ni mahali pa kuendelea na swali lake, au kupata jingine lililo bora kuliko lile.

Tena jina mliloliandika ni pana kupita kiasi. Tangu mtaalamu wa hisabati wa Marekani, Claude Shannon, alipoonyesha mwaka 1948 kwamba kila njia ya mawasiliano ina ukomo wa taarifa inazoweza kupitisha bila makosa, fani hii imegawanyika kuwa matawi mengi. Yuko anayebuni antena, yuko anayepima jinsi mawimbi yanavyosafiri katika mazingira fulani, yuko wa kusimba taarifa, yaani kuzigeuza kuwa alama za kutumwa, na yuko anayeshughulikia ugawaji wa masafa, yaani kasi za mtetemo wa mawimbi ambazo kila mtumiaji hupewa zake. Anayejua tawi moja kwa kina huwa mgeni katika jingine, kama vile daktari wa macho asivyoitwa kupasua moyo. Tangazo linapomwita kila mtu, kila mmoja hudhani anaitwa mwenzake.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba kabla hamjatangaza mara ya tatu, keti na wenzako mchague tatizo moja la mahali mlipo, mliandike katika tangazo lenyewe kwa lugha ya kitaalamu. Nitakupa mfano. Mkoa wenu umezungukwa na misitu ya miombo. Majani, hasa yakiwa na maji, hunyonya na kutawanya mawimbi ya redio, na kadiri masafa yanavyokuwa ya juu ndivyo hasara inavyozidi. Ndiyo maana masafa ya megahezi 700, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliyapiga mnada mwaka 2018, yana thamani kubwa kwa vijiji vya mbali: hufika mbali zaidi na hupenya vizuri zaidi kuliko masafa ya gigahezi 3.5 ambayo nchi nyingi zimeyatumia kwa 5G. Sasa miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kuchipua tena karibu na mvua. Mnara ule ule, simu ile ile, barabara ile ile ya kwenda Sikonge: ukipima Septemba na ukapima tena Januari, hutapata jibu lile lile. Mtafiti wa mwenendo wa mawimbi akilisoma hilo katika tangazo la kazi ataliweka kando gazeti na kuanza kuandika barua, kwa sababu kanuni nyingi za kukadiria upotevu wa mawimbi zinazofundishwa vyuoni zilitokana na vipimo vya miji na misitu ya nchi nyingine.

Kuhusu yule aliyeondoka baada ya miezi tisa: je, kamati iliwahi kumwuliza sababu? Nimeketi katika meza za usaili kwa miaka mingi, na wahadhiri wengi niliowaona wakiondoka vyuo vya pembezoni hawakutaja mshahara kwanza. Walitaja kufundisha masomo matano kwa muhula, lile lao na mengine manne yaliyokosa mwenyewe, na kukosa chombo hata kimoja cha kupimia. Maabara ya mwanzo ya fani hii haihitaji mabilioni. Kipokezi cha redio kinachoendeshwa kwa programu, kidogo kiasi cha kuchomekwa kwenye kompyuta kama flashi, kinauzwa kwa bei ambayo idara yoyote inaimudu, na programu ya GNU Radio inayokiendesha ni ya bure. Kwa vifaa kumi vya aina hiyo, kompyuta kumi na antena walizotengeneza wanafunzi wenyewe, darasa linaweza kuyaona mawimbi ya redio ya FM, ya simu na ya ndege yakichorwa kwenye skrini. Baadaye mtahitaji mashine kubwa za kupimia, na hizo ni ghali kweli, lakini mhadhiri akikuta chumba kimekwisha kufunguliwa na kifaa cha kwanza kiko mezani, anajua amefika kwa watu wanaomtarajia.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulisema kwa kamati yenye haraka. Mhadhiri wa namna hii kwa sehemu kubwa hapatikani sokoni, hulelewa. Vyuo vikuu vyetu vimepata walimu wao wengi kwa kumchukua mhitimu bora wa shahada ya kwanza katika ngazi ambayo wenyewe vyuoni tunaiita TA (Tutorial Assistant), ngazi ya chini kabisa ya ualimu wa chuo, na sifa yake inajulikana: wastani wa alama usiopungua 3.8 kati ya 5. Kisha hupelekwa kusoma umahiri, yaani shahada ya pili, ambako anatakiwa apate wastani wa 4.0 au zaidi, na baadaye uzamivu, akiwa na mkataba wa kurudi kukitumikia chuo kwa miaka iliyokubaliwa. Kuanzia leo hadi apate uzamivu ni miaka sita au saba. Najua ni mingi. Lakini kama mngemwajiri siku mliyoitisha kikao cha kwanza cha kamati, leo angekuwa katikati ya safari. Ombeni vijana wawili katika ikama, yaani idadi ya watumishi mnayoidhinishiwa, msiombe mmoja, kwa kuwa mmoja peke yake akiugua au akihama mnarudi sifuri.

Katika kipindi hicho cha kungoja, tafuteni profesa aliyestaafu ambaye bado ana nguvu, mpeni mkataba wa miaka miwili au mitatu, na kazi yake kubwa iwe kuwalea hao vijana. Zungumzeni pia na ndaki, yaani koleji, ya teknolojia ya habari na mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, na Chuo Kikuu cha Dodoma, na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, ili mhadhiri aje Tabora kwa wiki tatu mfululizo na kufundisha somo zima. Utaratibu huu unachosha wanafunzi, nakiri, lakini unafaa kuliko kumpa somo la mawasiliano ya redio mtu wa fani nyingine aliyekopeshwa kitabu.

Na mshahara? Ongezeni mkiweza. Hata hivyo, kampuni za simu zitawazidi daima, na kushindana nazo kwa fedha ni kupoteza muda ambao mngeutumia kupunguza mzigo wa vipindi na kumtafutia mgeni wenu nyumba yenye maji.

SWALI: Nina umri wa miaka 31. Nilipata shahada ya kwanza ya uhandisi wa mawasiliano kwa wastani wa 3.9, na tangu hapo nimekuwa fundi wa minara, nikizunguka Kasulu, Kibondo, Uvinza na mwambao wa ziwa. Natamani kufundisha chuo kikuu. Je, miaka yangu sita ya kupanda minara itahesabiwa? Jambo jingine: wavuvi wa huku huniuliza kwa nini simu hukatika katikati ya ziwa, na kwa nini jioni nyingine simu zetu hunasa mitandao ya ng'ambo. Huwa nawajibu kwa kubahatisha. (Msomaji, Mwanga, Kigoma)

JIBU: Ndugu yangu, nianze na lile ambalo wewe umeliweka mwisho, kwa kuwa ndilo litakalokuajiri.

Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50 hivi. Katika mtandao wa kizazi cha pili, yaani GSM, mnara wa kawaida hauwezi kumhudumia mtu aliye zaidi ya kilomita 35 hata kama mawimbi yanamfikia kwa nguvu. Sababu yake ni muda: kila simu imepewa kipande chake kifupi cha kutuma, na mawimbi yanayotoka mbali kuliko hapo huchelewa na kuangukia kipande cha simu nyingine. Pili, maji yaliyotulia huakisi mawimbi kama kioo, hivyo chombo kilichoko ziwani hupokea miale miwili, mmoja wa moja kwa moja na mmoja ulioakisiwa, na mahali pengine miale hiyo hufutana. Mvuvi wa dagaa anasogea mita chache tu, na simu inakufa. Ama mitandao ya ng'ambo kunaswa jioni, hali hiyo huweza kutokea pale hewa ya karibu na maji inapokuwa baridi na yenye unyevu kuliko iliyo juu yake. Mawimbi hupindishwa kuelekea chini na kusafiri mbali kuliko kawaida. Ni kwa kiasi gani, miezi ipi, saa ngapi? Maswali hayo yanajibiwa kwa vipimo, na wewe ndiye uliyekaa mahali pa kuvichukua.

Sasa kuhusu ajira. Nitakuwa wazi: katika muundo wa utumishi wa wanataaluma, miaka ya mnarani haichukui nafasi ya shahada. Kwa 3.9 unaruhusiwa kuomba nafasi ya TA, na umri wako haukuzuii, kwani matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45. Ukipata nafasi hiyo mapato yako yanaweza kupungua, na ukiwa na familia jambo hilo lizungumzwe nyumbani kabla ya kutuma maombi. Njia ya pili ni kujilipia umahiri kwanza na kuomba ukiwa mhadhiri msaidizi. Hiyo ni nzuri kwa mwenye akiba, ila ukikosa wastani wa 4.0 umetumia fedha na mlango umebaki umefungwa. Mimi ningechagua ya kwanza.

Miaka yako sita inahesabika mahali pengine: kwenye usaili. Wapo waombaji kumi wanaosema kwamba wanapenda utafiti. Mwombaji anayefungua daftari na kuonyesha vipimo vya miezi minane kutoka Kibirizi, Ujiji na Katonga, vyenye tarehe, saa, hali ya hewa na nguvu ya mawimbi kwa desibeli, huyo hasahauliki. Anza wiki hii kwa simu yako mwenyewe na programu ya bure ya kupima mawimbi. Usichukue takwimu za mwajiri wako bila ruhusa ya maandishi, hata kama nywila unazo. Kijana anayeingia chuoni na data za wizi anaanza utafiti wake kwa kosa litakalomfuata.

Ambatanisha vyeti kamili. Hati ya matokeo ya muda na barua za kuthibitisha kwamba umehitimu hazipokelewi, na nimeona vijana wazuri wakienguliwa kwa hilo tu. Kama hujajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi, jisajili.

SWALI: Mshauri wetu, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea mwenyewe, anamaliza uzamivu wa mambo haya ya mitandao ya simu huko Ulaya. Ameona tangazo la chuo kikuu cha Marekani kinachotafuta wahadhiri wa fani yake. Wajomba zake wanasema arudi nyumbani, mimi nasema aombe. Nani ana haki? (Mama mlezi, Ujiji)

JIBU: Shikamoo mama. Hongera kwa malezi.

Nafasi anayoiona kijana wako si ajira kama tunavyoielewa huku. Mhadhiri kijana wa Marekani kwa kawaida hupewa takriban miaka sita ya kujithibitisha, kisha wenzake hukaa kumpima kwa machapisho, fedha za utafiti alizoleta na ufundishaji wake. Akifaulu hupata ajira ya kudumu, asipofaulu huondoka. Ataombwa aandike maelezo ya utafiti anaokusudia, maelezo ya namna anavyofundisha, na barua za wadhamini watatu au zaidi. Naye hupewa fedha za kuanzishia maabara, jambo ambalo vyuo vyetu hatujaweza kulifanya, na linaniuma.

Kwa hiyo aombe, mama. Hata asipochaguliwa, kuandika maelezo yale kutamlazimu ajue anataka kutafuta nini maishani mwake. Lakini wajomba nao wasikilizwe kwa namna hii: amwandikie sasa mkuu wa idara katika chuo kimoja cha hapa nchini, ajitolee kumsimamia mwanafunzi mmoja wa umahiri kwa mbali akishirikiana na mwalimu aliyeko. Barua mbili za mwanzo za safu hii zimekuonyesha kwamba Tabora kuna kamati na Kigoma kuna fundi wanaomhitaji mtu kama yeye hata kabla hajapanda ndege. Na cheti chake kikitoka, akipeleke Tume ya Vyuo Vikuu kitambuliwe mara moja, asingoje tangazo la kazi, maana tangazo likitoka muda wa kuomba mara nyingi ni wiki mbili tu.