Mzunguko au VIP C kwa mechi ya watani?

Ndugu, umeuliza uchukue mzunguko, yaani viti vya kawaida, au ujikamue ununue VIP, maana unamleta mzee kutoka Morogoro aone Simba na Yanga kwa Mkapa, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Ungekuwa peke yako ningesema mzunguko, bila kufikiri. Makelele yote yapo huko, na bei ndiyo ya chini kabisa. Lakini uwanja ule una njia ya riadha, hivyo ukikaa nyuma ya goli, lango la upande wa pili unalionea mbali mno. Mimi niliwahi kushangilia goli kwa kufuata wenzangu tu, mfungaji nikamjua nilipofika nyumbani.

Kwa mzee, chukua VIP C. VIP A ni fahari zaidi kuliko mpira. VIP C ikiisha, viti vya rangi ya chungwa vya ubavuni vinatosha, ila panda safu za juu: chini kabisa wanaosimama mbele watawaziba. Nunueni tiketi mapema, kila mmoja na N-Card yake (kadi ya kielektroniki ya tiketi), na mwingie mchana. Siku ya watani, kiti ni cha aliyewahi. Mzee mbebee kofia.