Rangi nyeusi usinunue: mtoto aliyeniuliza kama mdoli wangu anaumwa

Juzi kuna dada kanitumia ujumbe, mfupi tu: "Dada habari, nataka kuanza kutengeneza midoli inayofanana na vichanga kama ya kwako, sasa nina mteja anataka mweusi, ninunue rangi nyeusi makopo mangapi?" Nikacheka, alafu kicheko kikanikatikia maana swali hilo hilo nilishawahi kujiuliza mwenyewe na nikajijibu vibaya sana. Nikaanza kumjibu, jibu likarefuka, nikaona bora niliweke hapa na wengine msome, najua mko wengi mnaotaka kufika mbali na hii kazi.

Mimi ni mweusi, tena mweusi tii. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo. Ufundi nilijifunza kwa video, na video zote nilizokuwa naangalia mtoto ni wa pinki: unaweka wekundu magotini, buluu kidogo kwenye mishipa, manjano kwa mbali, unaoka kwenye oveni rangi ishike, unarudia. Na niliiva jamani, sijisifu ila ndio ukweli. Mtu akipewa mdoli wangu alikuwa anaupokea kwa mikono miwili, mmoja chini ya shingo, anajishtukia katikati kwamba kumbe ni plastiki.

Basi miaka 3 iliyopita mama mmoja akanipa oda. Binti yake alikuwa na miaka 5, akataka mdoli wenye rangi ya mwanae, akanitumia na picha. Nikajisemea hii si kazi, hii si rangi yangu mwenyewe hii? Nikachukua uso ule ule niliouzoea, nikachukua kahawia, nikatia nyeusi, nikapiga makoti matatu mazito ya rangi badala ya kumi na kitu mepesi ambayo ningempa mdoli wa kizungu (hapo tu ningejiuliza, kwa nini huyu nampa matatu?), kila koti oveni nyuzijoto 130 dakika kama nane. Usiku ule chini ya taa alionekana poa kabisa.

Mtoto akafungua boksi mbele yangu. Akamwangalia kimya. Akageuza mkono wake, akauweka mgongo wa kiganja kwenye paji la uso la mdoli, vile watu wazima wanavyompima mtu homa, akaniuliza, "Anti, anaumwa?"

Mama yake akacheka kwa adabu, akanilipa, akanishukuru, sikumsikia tena. Angenitukana ningepona haraka.

Picha za yule mdoli bado ninazo. Nilipoziangalia mchana nikaona alichokiona mtoto: kijivu, amepauka kama kamwagiwa majivu. Viganja rangi moja na mgongo wa mkono, nyayo rangi moja na mguu, kucha hazionekani, mdomo nimeuchora wekundu wa kupaka. Nimeishi na mikono hii miaka yote, sijawahi kuiangalia.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi yenyewe. Rangi nyeusi ya kopo inaua joto. Ukiichanganya na kahawia, ule wekundu na uchungwa wa ndani unakufa, kinachobaki ni jivu. Ngozi nyeusi haijapakwa nyeusi, ina melanini, ile inayoipa ngozi rangi yake, na chini yake kuna damu ile ile kama ya kila mtu, hata idadi ya chembe zinazotengeneza melanini haipishani sana kati ya mweusi na mweupe, tofauti iko kwenye wingi na aina ya hiyo melanini. Kwa hiyo mimi siku hizi naanza chini na rangi ya joto, uchungwa na wekundu wa udongo, nyepesi kama chai ya kuchuja, alafu ndio kahawia zinapanda juu moja baada ya nyingine. Nikitaka kiza natia buluu nzito kwenye kahawia, sio nyeusi. Makoti 20 yanafika na yanapita, na kila koti lazima uone la chini yake.

Alafu kaa dirishani mchana na mkono wako, kama ni mweusi, au umwombe mtu mweusi akukalie, sio picha ya kwenye simu. Kunja vidole: kwenye viungo kiza kinakolea. Fungua kiganja: kimekuwa cheupe ghafla, lakini ile mistari ya kiganja ni myeusi kuliko kiganja chenyewe, kwa ngozi ya pinki ni kinyume, unaichora mistari kwa wekundu. Mpaka wa rangi mbili unapita pembeni ya kidole, na haujanyooka kama umepigwa rula, unayeyuka. Mimi wiki nzima nilipaka pembeni ya kidole gumba kimoja tu. Kimoja! Nikafuta, nikapaka, nikafuta, mpaka nyumbani wakaanza kuniogopa.

Na vichanga wana mambo yao. Watoto wengi weusi wanazaliwa rangi nyepesi kuliko watakayokuja kuwa nayo, wakubwa wanaangalia ncha za masikio na shina la kucha kukisia rangi itakayokuja, kwa hiyo mdoli wa siku mbili ukimpaka mweusi sawasawa mwili mzima umempaka mtoto wa mwaka. Wengi wana lile baka la bluu-kijivu juu ya makalio, linalofifia akikua. Nilipoanza kuliweka, mteja mmoja akanijia juu kwamba nimemuuzia mdoli mwenye jeraha, mwingine akalia kwa furaha maana mwanae alikuwa nalo. Siku hizi nauliza kwanza. Nywele nazo, kichanga wa kiafrika mara nyingi anazaliwa na nywele laini za mawimbi tu, kipilipili chenyewe kinakuja baadae, usimchomeke moheya (yale manyoya ya mbuzi tunayotumia kama nywele) iliyojikunja kama ya mtoto wa miaka minne.

Uso. Hapa nitasema kwa sauti. Rangi haibadilishi uso. Mwaka 1967 kampuni ya Mattel, wale wa Barbie, ilitoa toleo jeusi la mdoli wao aitwaye Francie, na kichwa kilikuwa kile kile cha Francie mweupe, wamebadilisha rangi tu, wakasemwa kwa hilo. Mdoli mweusi anayeitwa Barbie mwenyewe akaja 1980. Niliposoma hayo nilifarijika kidogo, kumbe kosa langu lina umri kunizidi, alafu nikaona aibu zaidi, yaani mtu mweusi, peke yake, mezani kwake, karudia kosa la kiwanda la miaka hiyo yote. Na msiruke upande wa pili mkaanza kuvimbisha midomo na kutanua pua mpaka iwe katuni. Nyuso za watu weusi hazina idadi. Chagua uso uliochongwa kwa mtoto wa kweli.

Kuna wanaosema ni mdoli tu, unakuza mambo. Miaka ya 1940 wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe, kule Marekani waliwapa watoto weusi midoli iliyofanana kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi mzuri, yupi mbaya. Wengi wakamchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Matokeo yale yakatajwa na Mahakama ya Juu ya huko mwaka 1954 ilipokataza kubagua watoto mashuleni. Mimi sihitaji mahakama, nilimwona mtoto akimpima homa mtu mwenye rangi yake.

Na wauzaji wenzangu, mtanichukia lakini acheni baadhi ya vitu. Acheni kuwapa midoli yote myeusi macho ya bluu eti ndio inauzika. Acheni kuiita chokoleti, karameli, kahawa, huyo mtoto hauzwi kwa kikombe. (Najua, najua, na sisi tuna maji ya kunde yetu, mtanirukia kwenye komenti, ila hilo mtu anaambiwa kwa mapenzi na mtu wake.) Acheni kuongeza bei kwa sababu ya rangi, ongeza kwa sababu ya masaa. Na ukiletewa oda ya mtoto mwenye ualbino usije ukaandika zeruzeru kwenye posti, wala usimwekee macho mekundu, macho yao mara nyingi ni ya bluu, kijivu au kahawia nyepesi, na uso wake ubaki wa familia yake, sio uso wa kizungu. Niliyotengeneza mimi alikaa mezani miezi miwili, nyusi peke yake zilinitoa jasho kwa sababu ni nyepesi hazionekani lakini zipo.

Mwezi uliopita nimemkabidhi bibi mmoja mdoli wa mjukuu wake aliyeko mbali. Bibi hakuangalia uso kwanza. Akafunua mguu, akaangalia unyayo, akaugusa mkunjo wa katikati kwa kidole, akasema "haya." Akamfunika tena mguu asije akapigwa baridi. Hiyo "haya" nimeiweka juu ya maua yote niliyowahi kupewa.

Basi dada yangu uliyeuliza: nyeusi usinunue hata kopo moja. Chukua rangi ya udongo mwekundu, manjano, kahawia mbili, moja nyepesi na moja nzito, na buluu. Madirisha wazi unapooka, na oveni isiwe ya kupikia. Ukifika koti la tatu nitumie picha, na uipige mchana, usiwashe fleshi.