Maswali ya wasomaji: Ganda la waildikati linagoma kuingia chemba, nilikate kiasi gani?

Habari fundi. Nina bunduki ya bolti yenye chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) ya waildikati, yaani risasi ya kubuniwa na mafundi isiyo na kipimo cha kiwandani, ya milimita 6, bega la ganda (pale linapopungua kuelekea shingo) nyuzi 40, maganda natengeneza mwenyewe kutoka ya .308 Winchester. Jamaa mwenye waildikati ya jina hilohilo alinipa urefu wa kukatia, nimekata yote hivo hivo, lakini bolti inafunga kwa kulazimisha na risasi chache nilizopiga praima (kile kidonge cha kulipulia kitakoni) zimetoka bapa kabisa. Niendelee kupunguza? Mpaka wapi?

Ndugu, kwanza weka hiyo bunduki chini, usipige hata moja nyingine mpaka umepima. Praima bapa peke yake sio ushahidi kamili lakini praima bapa pamoja na bolti ya kulazimisha ni dalili kwamba ganda halina nafasi ya kupumua mle ndani, na zile risasi zilizobaki usizijaribu kwa bahati, zivunje utoe baruti.

Sasa urefu aliokupa jamaa yako. Mimi siutaki, na wewe usiutake. Waildikati maana yake hakuna kiwanda wala taasisi iliyokaa ikaandika chemba yake iwe na vipimo gani, kila fundi anaagiza rima yake (chombo cha kuchongea chemba), anainoa akiona imechakaa, anaizamisha anavyoona inafaa, kwa hiyo jina moja linaweza kuwa na chemba mbili tofauti kabisa. Angalia risasi ya .22-250, ilikaa miaka mingi kwa mafundi ikiwa na sura zaidi ya moja mpaka Remington, kampuni ya Marekani, walipoiingiza kiwandani 1965, na .25-06 vilevile, watu walikuwa nayo tangu miaka ya 1920 ila Remington wakaipokea 1969, na baada ya hapo ndo ukawa na namba ya kitabuni ambayo unaweza kuiegemea. Ya kwako haina. Kitabu chako ni chemba yako.

Na hapa watu wengi wanakosea, wanaona bolti nzito wanakimbilia trima (chombo cha kukatia urefu wa ganda). Bolti inaweza kugoma kwa sababu tatu na urefu ni moja tu kati ya hizo.

Ya kwanza ndio hiyo ya urefu. Mdomo wa ganda ukifika mwisho wa sehemu ya shingo ya chemba unabanwa na ule mteremko wa kuelekea kwenye mifereji ya mtutu, unabana kichwa cha risasi kama koleo. Baruti ikiwaka kichwa hakiachiwi kwa wakati wake na presha inapanda vibaya sana. Hii ndio inayonitisha kuliko zote.

Ya pili ni unene wa shingo, na kwa hesabu yako wewe naishuku hii kuliko urefu. Ukiibana shingo ya .308 mpaka milimita 6 ile brasi (metali ya ganda) haipotei, sehemu inaenda kwenye urefu na sehemu inaenda kwenye unene wa ukuta. Tuseme ukuta ulikuwa mm 0.38 sasa umekuwa 0.43, kichwa cha risasi ni mm 6.17, jumlisha kuta mbili unapata 7.03 kwa nje. Kama fundi wako alitumia rima yenye shingo ya mm 7.00 basi hata ukikata ganda libaki nusu bado halitaingia sawasawa, na likiingia kwa nguvu ni shida ileile ya kichwa kukosa kuachiwa. Unahitaji nafasi angalau mm 0.05 kati ya shingo iliyojazwa na chemba, na kwa bunduki ya porini yenye vumbi mimi napenda zaidi kidogo ya hapo.

Kuna kipimo kimoja hakihitaji chombo chochote: chukua ganda lililopigwa kwenye bunduki hiyohiyo, kabla hujaligusa na dai (kalibu ya kubania ganda), jaribu kupenyeza kichwa kipya cha risasi mdomoni kwa vidole. Kikiteleza bila kubishana shingo ina nafasi. Kikigoma, aidha shingo ni nene au mdomo ulibanwa kwa urefu, na vyote viwili ni marufuku kuendelea. Unene dawa yake ni kuchonga shingo kwa nje, na usisahau kukagua pale shingo inapokutana na bega kwa ndani, maana brasi nene ya bega la zamani ikigeuka kuwa shingo huacha pete ya unene pale chini ambayo kuchonga kwa nje peke yake hakuitoi, inabidi uipitishie rima ya shingo kwa ndani.

Ya tatu ni bega kukaa mbele mno. Paka ganda tupu lisilo na praima wino wa makapeni, shingo na bega lote, funga bolti taratibu, toa, angalia wino umefutika wapi. Mdomoni, kwenye shingo au begani, litakuonyesha lenyewe.

Ukishajua kweli ni urefu, pima chemba. Kuna vipande vidogo vya chuma vinauzwa kwa kazi hii, unakipachika kwenye ganda fupi la aina hiyo, unafunga bolti, ule mwisho wa chemba unakisukuma ndani, unatoa unapima kwa kalipa. Au umwagie chemba Cerrosafe, ile aloi inayoyeyuka chini ya joto la maji yanayochemka. Hii ina tabia yake, inasinyaa kwanza halafu inaanza kutanuka, na baada ya muda wa saa moja hivi inakuwa sawa na chemba yenyewe, kwa hiyo pima wakati huo, sio ukiitoa tu na sio kesho yake. Ukipata namba, toa mm 0.25 ndio urefu wako wa kukatia. Chemba ikisoma 52.30 unakata 52.05. Halafu toa makali ya mdomo nje na ndani, kidogo tu, usiunoe kama kisu.

Nikate kabla ya kupiga ile risasi ya kwanza ya kuumba ganda, yaani inayolitanua lijaze chemba, au baada?

Zote mbili, ila kwa sababu tofauti. Kabla, unahakikisha tu ganda halizidi chemba, basi, usitafute uzuri. Risasi ya kuumba inavyosukuma bega litanuke lijaze ile pembe ya nyuzi 40 brasi ya kufanyia kazi hiyo inatoka wapi? Inavutwa kutoka mbele, ganda linafupika. Mimi niliwahi kukata maganda 50 kwa urefu wa mwisho kabla ya kuyaumba, nikajiona nimemaliza kazi mapema, yalivyotoka yote yakawa mafupi kuliko nilivyotaka na brasi ukishaikata huirudishi, iliniuma kwa sababu ilikuwa brasi nzuri. Kwa hiyo umba kwanza, bana shingo kwa dai, ndo ukate urefu wa mwisho. Kubana kwanza kukata baadaye, maana dai nalo hurefusha.

Na wakati wa kuumba hakikisha bolti inafunga kwa upinzani kidogo wa bega, hiyo inashika kitako cha ganda kwenye uso wa bolti. Likicheza mbele na nyuma linanyooka juu kidogo ya kitako na kuanza kukatika kwa ndani.

Nitajuaje kama limeanza kukatika? Kwa nje naona kimstari tu cha kung'aa.

Nyoosha kipande cha waya mwembamba, kunja ncha yake kidogo, ipitishe ndani ya ganda ukikwaruza ukuta kuanzia chini kwenda juu. Ukihisi ncha imedumbukia kwenye mfereji, hata mdogo, ponda hilo ganda lisitumike tena, na kagua yote ya kundi hilo. Mstari wa nje peke yake unaweza kuwa alama ya dai tu.

Shingo zangu zinapasuka baada ya kubana mara mbili tatu. Brasi mbaya?

Sio lazima. Brasi ya maganda kwa kawaida ni asilimia 70 shaba na 30 zinki, kila ukiibana na kuitanua inazidi kuwa ngumu, na wewe umeibana kutoka mm 7.8 hadi 6.17. Usishuke kwa pigo moja, pitia dai ya mm 7 katikati, halafu lainisha kwa moto shingo na bega tu huku ganda linazunguka kwenye miali. Gizani ukiona wekundu hafifu umefika, toa. Kitako hakiguswi na joto hilo hata kidogo kwa sababu ndicho kinachoshika presha karibu na uso wako, na kikilainika hakishiki, na ganda ambalo kitako kimebadilika rangi hilo ponda. Kulitumbukiza kwenye maji baada ya moto hakuliharibu wala hakuliimarishi, kazi yake ni kuzuia joto lisishuke chini, likaushe vizuri ndani kabla ya kujaza.