Re: Kukodi gari Cape Town na leseni ya Bongo

Mkuu umeuliza kama leseni yetu inatosha kukodi gari Cape Town mkienda likizo na familia. Inatosha, wale ni wenzetu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na leseni ina Kiingereza, beba na pasipoti. Wanaendesha kushoto kama huku kwetu kwa hiyo hilo lisikunyime usingizi.

Kasheshe ni malipo. Keshi sahau, na kadi zetu hizi za kutolea hela ATM kampuni nyingi wanazikataa, wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe maana kuna dhamana wanaishikilia mpaka urudishe gari, so kamalizane na benki hapo Dodoma kabla hujapanda ndege. Bima ya kawaida ipo ila gari likigongwa kuna kiasi unachangia mwenyewe, na mara nyingi tairi na kioo cha mbele havimo, we lipia hiyo nyongeza, hapo ubahili sikushauri kabisa. Piga picha kila mkwaruzo kabla hujaondoka nalo.

Spidi ni 120 haiwei, mjini 60, kamera zipo na faini inakufuata kupitia kampuni, sio kama tochi za spidi za trafiki wa kwetu pale Gairo unashuka unajieleza. Njia panda yenye stop pande zote anayetangulia kufika ndo anatangulia kupita, na wanaheshimu kweli, usiingie kibodaboda. Sheli unawekewa mafuta kama huku, muachie kijana randi kadhaa.